Tajiri Aliyechangiwa

Mimi ni mtu wa kutembea. Miguu yangu haijawahi kukubaliana na kiti, na kwa sababu hiyo nimewajua mafundi viatu wengi kuliko ninavyowajua wajukuu zangu. Katika mafundi wote hao hakuna aliyenishonea vizuri kama Fundi Viraka, na hakuna aliyenidanganya vizuri kama yeye. Wala sikumchukia. Mtu akikudanganya huku soli aliyokushonea inadumu, utamchukia kwa lipi?

Kibanda chake kiliegemea ukuta wa benki. Ndani mlikuwa na kigoda, kopo la gundi, sanduku la misumari, kile chuma cha kuvalisha kiatu kinapogongwa, na jozi moja ya kandambili za kuazimisha wateja. Kandambili hizo zote mbili zilikuwa za mguu wa kushoto, na aliziacha hivyo makusudi. Mteja akishazivaa hawezi kwenda mahali kwa heshima. Inabidi akae kwenye benchi asubiri. Na mtu aliyekaa bila viatu huongea tu, awe mchuuzi, awe meneja. Sijui kwa nini. Labda siri za binadamu zinashikiliwa na kamba za viatu.

Jina la Viraka alilipata kwa nguo zake. Magotini alikuwa na kiraka juu ya kiraka, na makalioni palikuwa na kipande cha turubai kilichobakiza maandishi ya kiwandani: WEKA PAKAVU. Watoto wa shule walikuwa wakiyasoma kwa sauti kila akiinama. Nilikuja kujua baadaye kwamba suruali ile ilikuwa mpya. Aliinunua dukani, akaingia nayo nyuma ya kibanda, akaikata matundu kwa kisu cha ngozi ili apate pa kuweka viraka.

"Mzee wangu," aliniambia siku alipokuwa hana tena cha kuficha, "mali ina maadui wawili, hasara na ndugu. Hasara huja mara moja moja. Ndugu huja kila Jumapili."

Habari yenyewe ilianza na karani mmoja wa benki ile, mtu mnene, kisigino cha kiatu chake kimeng'oka. Kisigino kile kilikuwa cha kugongwa misumari mitatu tu. Fundi alikigonga mchana kutwa, maana karani alikuwa ameshavaa zile kandambili na ameshaanza kueleza mambo ya pesa.

"Fundi, pesa zako unaweka wapi?"

"Pesa gani, bosi? Mimi na pesa tunasalimiana tu njiani."

"Hata kama ni kidogo, usiziweke mahali pamoja. Ukiwa na ng'ombe tu, ugonjwa ukipita umekwisha. Ukiwa na nyumba tu, ikiungua umekwisha. Ukiweka chini ya godoro, panya nao wana watoto wa kulea. Weka huku kidogo na kule kidogo. Hiki kikianguka, kile kimesimama."

Fundi akatoa msumari mdomoni. "Na ndugu je?"

"Ndugu wamefanya nini?"

"Bado hawajafanya. Ndiyo nauliza mapema."

Karani akacheka mpaka benchi likalia. Akasema kitu kimoja cha mwisho kabla hajarudishiwa kiatu chake: chochote utakachofanya, mwambie mkeo. Fundi aliyasikia yote akayashika yote, isipokuwa hilo. Aliona hilo ni la watu wa benki, ambao labda wake zao hawana kaka.

Wahenga, kama tujuavyo, walikuwa upande mwingine. Walisema mshika mbili moja humponyoka. Walisema njia mbili zilimshinda fisi. Mimi nawaheshimu sana wahenga, ila sijasikia hata mmoja wao aliyekufa akaacha akiba.

Basi fundi akaanza kutawanya. Alitawanya kwa miaka, polepole, kila senti iliyobaki baada ya ngozi na gundi. Ng'ombe aliwaweka kwa binamu yake, nje ya mji, ambako nyasi hazina mwenyewe. Binamu anywe maziwa, na kila ndama wa tatu awe wake. Mikufu na bangili za dhahabu aliziweka kwa dada yake mkubwa, mwanamke mwenye sanduku la chuma ambalo hata mumewe hajawahi kuliona likiwa wazi. Halafu akajenga vyumba vinne vya kupangisha pembeni mwa mji, akaviandikisha kwa jina la rafiki yake seremala, ambaye alikusanya kodi na kujibakizia kidogo kwa ajili ya jasho. Zilizosalia aliikopesha serikali kwa hati fungani. Hilo la serikali liliniacha hoi. Mgambo wa manispaa walikuwa wakimfukuza pale ukutani kila mara kwa ushuru wa kibanda, na wakati huo huo serikali inadaiwa naye riba. Walikuwa wanadaiana, na wote wamenuna.

Kila aliyemwekea kitu alimwambia maneno yale yale kwa sauti ile ile ya chini: "Katika dunia hii nimekuamini wewe peke yako." Hayo maneno ni matamu kuliko asali. Mtu akiambiwa hivyo hatoi siri, si kwa uaminifu, bali asije mwingine naye akaaminiwa.

Kwa upande wa ndugu alikuwa na mbinu nyingine mbali na viraka. Alisema dawa ya mkopaji ni kumwahi. Alikuwa akimwona ndugu anavuka barabara na ule uso wa shida, anasimama yeye kwanza, anamshika mkono kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, Mungu amekuleta. Nilikuwa nawaza nimwendee nani." Ndugu anageuka papo hapo, anakumbuka ameacha jiko linawaka. Wapo waliokuwa wakizunguka jengo zima la benki ili wasipite mbele ya kibanda.

Aliyebaki hajui lolote ni mkewe. Mama huyo alikuwa mshonaji wa mashuka na foronya, kwa cherehani ya miguu aliyoinunua mwenyewe kabla hajaolewa. Watoto walikwisha kuoa na kuolewa, wakaenda zao. Nyumbani walikuwa wawili tu, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Cherehani ilikaa dirishani, mahali pazuri kuliko pote mle ndani, na usiweke kikombe juu yake kama unapenda amani. Mche wa sabuni mama aliukata kwa uzi vipande vyembamba kama biskuti. Chai aliipika kwa majani ya jana. Alifanya hayo yote bila kununa, kwa sababu alikuwa anamhurumia mumewe. Usiku akimsikia anageuka kitandani, alidhani anawaza madeni. Kumbe anawaza ndama. Nami nadhani huruma ile ndiyo iliyomfunga fundi mdomo kuliko woga. Kuhurumiwa kuna utamu wake, na mtu akiuzoea huo utamu anakuwa kama mlevi.

Basi mwaka mmoja ngiri ikamshika.

Aliinua gunia la soli, akalitua, akabaki ameinama. Turubai la WEKA PAKAVU likawa linatazama barabara nzima, na yeye hawezi kunyooka. Tulimbeba mimi na muuza maji, mtu wa mkokoteni wa madumu anayepita pale. Hospitalini daktari akamminya kinena, akasema hii ni ya kupasuliwa, na haraka, maana siku yoyote utumbo unaweza kujinyonga humo na hapo hatutakuwa na mazungumzo. Akataja gharama. Mama alirudia ile hesabu kwa midomo tu, bila sauti.

Na hapo ndipo tajiri wetu alipojikuta hana hata nauli. Hati fungani hazijaiva. Ng'ombe hawaingii mfukoni. Vyumba ni vya seremala kwa karatasi. Dhahabu iko kwa dada, na dada akiombwa atauliza, na akijibiwa atasema. Kila mlango aliokuwa nao ulifunguka kwa ufunguo mmoja, nao ni kumwambia mkewe.

"Nitapona tu," akasema kitandani. "Nifungeni kitambaa."

"Utapona kaburini," mkewe akamjibu. "Lala hapo. Nitaita watu."

Akaita watu. Ulikuwa mchango kama michango mingine yote: busati sakafuni, bakuli juu ya kigoda, majirani wamebanana mpaka mlangoni. Mgonjwa amelazwa nyuma ya pazia. Mimi nilipewa nafasi kando ya pazia hilo ili nimpe maji, kwa hiyo nilikuwa nauona uso wake wakati wengine wanaisikia sauti yake tu. Mwendeshaji alikuwa kinyozi, jirani yao, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa ameshika wembe kooni mwako.

Na kwa kuwa mama alikuwa hajui, alialika wote. Binamu wa ng'ombe alikuja na kofia mkononi. Dada wa sanduku alikuja na mtandio mpya. Seremala alikaa karibu na mlango, vumbi la mbao kwenye nyusi. Kila mmoja aliingia akiwa na siri yake, na kila mmoja akiamini ni yeye peke yake. Nilimwona fundi akichungulia kwenye upenyo wa pazia, akiwahesabu. Rangi ilimtoka.

"Wapendwa," kinyozi akaanza, "ndugu yetu mnamjua. Hana mbele wala nyuma. Nguo zake mnaziona. Mtu huyu amezaliwa maskini, ameishi maskini, na tusipoangalia atakufa kabla hajaonja hata kuwa na nafuu."

"Maskini wa watu," akasema mwanamke mmoja.

Majirani wakaanza kutoa. Muuza maji alitoa mauzo yake ya siku nzima, noti zikiwa bado zimelowa. Mwanamke wa chumba cha pili alifungua pindo la khanga, akatoa kile alichokuwa nacho, akakaa chini haraka kama aliyefanya kosa. Nyuma ya pazia fundi alikuwa amefumba macho.

Kisha binamu akasimama. Alikohoa kwanza. Nadhani alikuwa amepiga hesabu zake njiani: mgonjwa akipona, atashukuru, mgonjwa akifa, nani atauliza?

"Mimi sina pesa mkononi," akasema. "Lakini damu ni damu. Natoa ng'ombe dume. Katika ng'ombe zangu."

Makofi yakalia. Nyuma ya pazia fundi akatoa mguno mrefu.

"Mnasikia anavyoumia?" akasema kinyozi. "Tufanye haraka, jamani. Dume zima. Binamu wa namna hii wako wangapi?"

Dada mtu akaona aibu inamjia. Dada mkubwa hawezi kushindwa na binamu mbele ya watu. Akapanga mtandio, akasema, "Na mimi natoa mkufu wangu wa dhahabu. Niliachiwa na marehemu mama."

Mguno wa pili ulikuwa mkali kuliko wa kwanza. Nikamsikia akinong'ona, "Mama yetu alikufa na kifungo kimoja cha koti," lakini nilikuwa nimeshampa maji na yakamwingia puani.

"Kaka vumilia," dada akasema kwa sauti ya machozi. "Dada yako nipo."

Seremala alikuwa ameinamisha kichwa muda wote. Naye alisimama, kwa sababu watu walianza kumtazama. Akasema ana vivyumba vyake vya kupangisha huko pembeni mwa mji, si vingi, na kodi yote ya mwezi huu anamtolea rafiki yake.

"Kumbe fundi mbao una nyumba?" akauliza kinyozi.

"Vivyumba tu," akasema seremala, na masikio yake yalikuwa mekundu. "Mungu alisaidia."

Mguno wa tatu sikuweza kuuelezea zamani, wala siwezi leo. Ulianzia tumboni ukaishia kwenye dari. Wanawake wawili wakaanza kuomba dua. Mimi nilikuwa nimeuma shavu langu kwa ndani, sijui kwa huruma au kwa kicheko, maana wakati huo sikuwa najua kitu. Nilikuwa naona tu kwamba mgonjwa anaumia pale anaposaidiwa na hatulii pale anapoachwa.

Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha, anahesabu kwa vidole. Ng'ombe hauzwi leo kwa leo. Mkufu nao unahitaji sonara wa kuaminika. Kodi ni mwisho wa mwezi. Daktari alitaka malipo kesho asubuhi. Akainuka, akaweka mkono juu ya cherehani.

"Nawashukuru wote," akasema. "Mimi pia natoa changu. Nimeshazungumza na yule mwanamke wa duka la vitambaa. Mtu wake atakuja kuichukua cherehani hii jioni, na analipa taslimu."

Wote walijua cherehani ile ni nani katika nyumba hiyo. Hata kinyozi hakupata neno.

Nilimtazama fundi. Alikuwa amekaa, na mtu mwenye ngiri hakai hivyo. Alikuwa analitazama pazia kama anayetazama mto wenye mamba, na upande wa pili kuna mtoto wake. Ukimya ukiendelea kidogo tu, cherehani inaondoka, na yeye anabaki tajiri vilevile. Midomo ikafunguka, ikafungika. Ikafunguka tena.

"Cherehani isiuzwe," akasema.

"Lala, baba," akasema mkewe. "Nitanunua nyingine Mungu akijalia."

"Nimesema isiuzwe. Waambie walete mkufu leo."

"Mkufu ni wa wifi, si wetu wa kuuamrisha."

"Ni wangu."

Pazia likasogezwa. Alisimama pale ameshika kinena, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hana kiraka hata kimoja, maana mkewe alikuwa amemvika shuka. "Mkufu ni wangu. Na bangili. Dume ni langu na mama yake ni wangu. Vyumba ni vyangu, nilivijenga kwa visigino vya watu. Na serikali ina deni langu pia, lakini hiyo haikuja leo."

Kinyozi akamgusa mke begani. "Homa imepanda kichwani," akamnong'oneza.

"Si homa," akasema binamu, na hapo ndipo alipojiharibia, maana alikuwa anamtazama dada mtu. "Kwani na wewe alikwambia wewe peke yako?"

"Peke yangu, ndiyo," dada akasema. "Wewe je?"

Seremala alikuwa ameshapata kiatu kimoja na anatafuta cha pili.

Sitaki kusimulia kila kilichosemwa baada ya hapo. Dada alimwita kaka yake mchawi. Binamu alisema ametunza mali ya mtu miaka yote bila hata ahsante, na kama si yeye ng'ombe wangekuwa supu. Muuza maji alikuwa anacheka peke yake, polepole, huku anajipangusa macho. Mwanamke wa chumba cha pili hakucheka. Alikuwa analitazama bakuli.

Mama ndiye aliyelinyanyua. Hakupaza sauti. Alimwendea kila jirani na bakuli, akamwambia chukua ulichoweka, akasimama mbele yake mpaka achukue. Mwanamke wa chumba cha pili alipomaliza kufunga pindo lake, mama alimwambia, "Unisamehe, jirani. Nilikuita nikidhani tunafanana."

Kisha akamgeukia wifi yake. "Leta mkufu."

"Wifi, usiku huu..."

"Bado ni alasiri. Leta."

Ukaletwa. Watu wakaondoka wakibebana kwa vicheko hadi nje. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimeshika kikombe na hakuna aliyeniambia niondoke. Mama alikaa chini, kando ya kitanda, akamgeukia mumewe.

"Ungekufa kesho mezani kwa daktari," akasema, "nani angekuwa na ng'ombe?"

Fundi akafikiri. "Binamu."

"Na dhahabu?"

"Dada."

"Na vyumba?"

"Karatasi ni za seremala."

"Kwa hiyo ulinificha mimi ili upate kuwapa wao." Akatikisa kichwa. "Mwizi huiba akimbie. Wewe umejiibia, halafu umekaa."

Fundi akasema alitaka kuilinda mali. Mkewe akamuuliza kuilinda na nani, akasema na ndugu, naye akamuuliza, "Na kwa nani uliipeleka?" Fundi akaiona hiyo kwa mara ya kwanza, nadhani. Aligeukia ukutani.

Mkufu uliuzwa kwa sonara jioni ile ile, na asubuhi fundi alipasuliwa. Kabla hajaingizwa, wauguzi wakiwa wameshika kitanda cha magurudumu tayari kusukuma, mama alishika chuma cha kitanda upande wa miguu akakataa kuachia.

"Taja vyote."

"Nimeshataja."

"Taja tena. Hawa ni mashahidi."

Akataja. Ng'ombe, dhahabu, vyumba, hati. Muuguzi mmoja akasema mama, daktari anasubiri. Mama akasema daktari na asubiri, huyu nimemsubiri zaidi. "Kingine?"

"Basi."

Hakuachia chuma. Alikuwa ameishi naye muda mrefu wa kutosha kujua "basi" yake ina sakafu ngapi.

"Mabati," fundi akasema, macho kwenye dari. "Kidogo. Yako kwa kinyozi."

Hapo ndipo akaachia. Wauguzi wakasukuma, na mmoja wao alikuwa anajizuia kucheka mpaka mabega yanatikisika.

Kinyozi naye, kumbe. Yeye aliyesema fundi hana mbele wala nyuma alikuwa amelalia mabati yake. Ndiyo maana aliongea vizuri vile.

Fundi alipona. Alipoanza kutembea, mshono bado haujakauka vizuri, mama alisema sasa tunakwenda kuona, akaniomba mimi niende nao kwa sababu najua kutembea taratibu na nina bega la kuegemewa. Tukaanza kwa kinyozi: mabati yalikuwepo, ila baadhi yalikuwa yameshapanda juu ya paa lake. Kwa dada, bangili moja ilikuwa imekuwa nyepesi kwa namna ambayo dhahabu haina desturi nayo. Seremala alikuwa ameshawaza sana. Alikubali kwenda ofisi ya ardhi kubadilisha karatasi ziwe na majina mawili, la mume na la mke, akaomba tu chumba kimoja kiachwe, maana mama mkwe wake anaishi humo na halipi na hana habari kwamba anatakiwa kulipa.

Mwisho tukafika kwa binamu. Ni mwendo. Fundi alikuwa akisimama kila mahali penye kivuli. Tulimkuta binamu zizini, anakamua.

Mama akawatazama ng'ombe. "Uliniambia saba."

"Saba," fundi akasema.

"Naona wanne."

Binamu akaeleza. Mmoja alikufa. Mmoja alipotea, akatafutwa sana. Wa tatu alitolewa mahari ya kijana wake, lakini hilo alilihesabu kama mkopo, na alikuwa karibu kabisa kulisema. Aliyazungumza hayo yote bila kuacha kukamua.

Nilitegemea fundi atakasirika. Alijikalisha taratibu juu ya jiwe, akashika mshono wake, akaanza kucheka kwa uangalifu ili usifumuke.

"Mzee wangu," akaniambia, "umeona? Wote wameniibia. Lakini kila mmoja kidogo. Ningekuwa nimeweka kila kitu kwa mmoja, leo ningekuwa nimekaa hapa sina hata pa kusimama. Yule karani alikuwa na akili."

"Karani alikwambia umwambie mkeo," nikasema.

"Hilo nalo."

Mama hakucheka wala hakununa. Alipita katikati ya ng'ombe wale, akawa anawapapasa migongoni mmoja mmoja, kama anavyopapasa kitambaa dukani kabla hajauliza bei. Akasimama kwa mtamba mwekundu mwenye macho ya upole. Akachukua kamba iliyoning'inia kwenye nguzo, akamfunga.

"Huyu wangu," akasema.

"Wote ni wako," fundi akasema. "Wetu."

"Huyu wangu peke yangu. Sijamwona mama yangu tangu mvua za mwaka juzi. Kila nikisema niende, nilikuwa naona nauli itakuongezea madeni. Nitamfikia na huyu. Nataka aniulize nimempata wapi, nami nimwambie mume wangu ana ng'ombe, nione atakavyocheka."

"Kwa miguu?"

"Ng'ombe hapandi basi."

Fundi akajaribu kusimama, akashindwa, akakaa. Alionekana kama mtu anayetaka kusema jambo kubwa na lililomjia ni dogo. "Na cherehani?"

"Ifunike vumbi lisiingie. Usiweke kikombe."

Akafungua lango la zizi. Mtamba akamfuata bila kuvutwa, kama aliyekuwa anamsubiri. Alikuwa ameshafika njiani fundi alipopata sauti.

"Utarudi lini?"

Mama akajibu bila kugeuka, na hakuharakisha mwendo.

"Nikichoka kuwa tajiri."